Mabati ya Tupokigwe

Kama gazeti la wiki jana lilikwisha kufungiwa maandazi kabla hujalisoma, nitakupa kwa kifupi. Mimi ni mwizi.

Jina langu ni Ackson. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo kupamba maneno sijui. Mwaka 1975, wakati wa masika, mlima uliporomoka kijijini kwetu, juu huko Lufingo, ukaifukia nyumba ya mdogo wangu Amoni na mwenyewe akiwa ndani. Mkewe Tupokigwe alikuwa mtoni na mtoto mgongoni. Ndiyo maana wako hai.

Serikali ilileta msaada. Kila aliyefukiwa nyumba alipewa mabati kumi na mawili, na kila mwenye mtoto mchanga alipewa kopo la maziwa ya unga kila wiki mbili. Aliyegawa alikuwa baba yangu, Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa kamati ya maafa.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Hasimami mbele yake, hasemi mbele yake, wakikutana njiani anaingia vichakani mpaka mzee apite. Tupokigwe alikuwa ameolewa miaka sita, na sidhani kama aliwahi kuuona uso wa baba yangu. Angepokeaje mabati mkononi mwake?

Nikaenda mimi. Baba akafungua daftari kwenye jina la Tupokigwe. "Weka dole gumba hapa," akasema. "Wewe si shemeji yake?" Nikaliweka dole langu kwenye jina lake.

Wiki ileile baba mkwe wangu akafariki kwao Kisondela. Mkwe anayekwenda kuzika bila ng'ombe, kwetu ni afadhali asiende kabisa. Ng'ombe sikuwa naye. Nyuma ya nyumba yangu yalikuwepo mabati kumi na mawili.

Niliyateremsha Tukuyu kwa safari mbili, kichwani, mpaka mtaa wa Msasani kwa Zuber mwenye bucha. Nikarudi na dume. Waombolezaji wakala, wakanisifu. Tupokigwe nikamwambia, "Mabati yapo kwangu, shemeji. Tunangoja miti ya kujengea."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mwezi wa saba, baridi kali, akaja ofisa wa misaada kukagua. Bibi Shamsia. Mtu wa Tanga, mwembamba. Gari lake lilikwama kwenye matope, akaja kwa miguu, viatu kavishika mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema kwa sababu mtataka kumchukia.

Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji.

"Ndugu wananchi, msaada si zawadi ya harusi. Ni jasho la wenzenu wa mikoa mingine, ambao nao wana shida zao. Aliyepewa mabati, nataka kuyaona juu ya kichwa chake. Aliyepewa maziwa, nataka kumwona mtoto."

"Na aliyeuza je?" akauliza Ikupa. Huyu Ikupa ni jirani yetu, mama mwenye mdomo.

"Aliyeuza anafutwa kwenye orodha yote. Mabati, maziwa, mahindi, kila kitu. Halafu anakwenda kujibu mahakamani."

"Hapo sawa!" watu wakasema. "Msaada wapewe wanaojua kuutumia!"

Na mimi nikasema sawa. Nilisema kwa sauti.

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Baba mbele na fimbo yake, Bibi Shamsia nyuma yake, sisi wengine tunafuata. Nyumba ya kwanza ina bati. Ya pili ina bati. Ya tatu ni kibanda cha miti na majani makavu ya migomba.

Tupokigwe alikuwa mlangoni anamlisha Lusungu, binti yake wa mwaka mmoja na nusu. Baba akakohoa kwa nguvu, kama wanavyokohoa wazee wetu ili mkamwana apate kujiondoa. Tupokigwe akashtuka, akamkwapua mtoto, akajifunika kanga mpaka usoni, akakimbilia migombani.

"Mbona anakimbia?" akauliza Bibi Shamsia.

"Anamwogopa mkwewe," mtu mmoja akasema. "Ni heshima yetu, Bibi."

"Heshima ya kumkimbia ofisa wa serikali?"

"Hakukimbii wewe. Anamkimbia mzee."

"Haya, na mabati nayo yamemkimbia mzee?"

Watu wakacheka. Bibi Shamsia akaingia kibandani akiinama, akatoka na jani la mgomba kichwani. Hakucheka tena.

"Kitabu kinasema huyu mama alipokea kumi na mawili. Dole gumba hili hapa. Yako wapi?"

Akageuza daftari watu waone.

"Mimi mabati siyajui," akasema Ikupa. "Ila kanga naiona. Mpya ile. Sisi wenye waume hatuna kanga kama ile, mwenye msaada anayo."

Watu wakacheka tena, safari hii kicheko kingine. Wakaanza kunong'ona. Kumbe ndiyo maana. Kumbe anakula raha. Mjane wa miezi mitatu, kanga mpya ya nani?

Mimi nilijua ya nani. Mwanabibi, mke wa Zuber, alimwona Tupokigwe sokoni anauza ndizi, amevaa nguo iliyochanika, akamhurumia, akampa ile kanga. Ni hayo tu. Ningefungua mdomo nikasema hivyo, watu wangenyamaza. Lakini ningelitaja jina la Mwanabibi, kesho yake wangefika kwa Mwanabibi, na pale kwa Mwanabibi wangeinua macho juu na kuona paa.

Nikafunga mdomo.

Bibi Shamsia akasogea ukingoni mwa migomba.

"Mama! Uliuza mabati?"

Hakujibiwa.

"Mama, mimi sikuonei. Sema tu. Uliuza au hukuuza?"

Baba alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Angerudi nyuma kidogo, akaenda hata nyuma ya kibanda, Tupokigwe angejibu. Hakurudi. Alisimama na fimbo yake kama mti. Wakati ule sikujua kwa nini.

"Nauliza mara ya mwisho."

Tulichosikia kutoka migombani ni Lusungu akikohoa. Mama yake hata kukohoa hakuthubutu.

Bibi Shamsia akatoa kalamu. "Asiye na kosa husema. Andika, Ndugu Mwenyekiti. Tupokigwe, mjane wa Amoni. Amefutwa. Na maziwa yasimame leo."

Baba akaandika. 

Walipopita kwenda nyumba ya nne, mimi nilibaki nyuma. Tupokigwe akatoka migombani, magoti yamejaa matope, mtoto kifuani.

"Shemeji, umewaambia kwamba yapo kwako?"

"Nitawaambia."

"Leo?"

"Leo wana haraka. Kesho nitashuka Tukuyu mwenyewe, ofisini."

"Ndaga, shemeji," akasema. Yaani asante. Alinishukuru.

Kesho yake nilishuka Tukuyu kweli. Ila sikwenda ofisini. Nilikwenda Msasani kwa Zuber.

Nilimkuta anakata nyama. Nikamwambia nataka mabati yangu.

"Mabati yapi?"

"Yale ya juzi."

"Ackson, yale nimekwisha kuyapigilia. Tazama juu. Unataka nikung'olee paa, mimi na Mwanabibi tulale tunahesabu nyota?"

"Nitakulipa."

"Nilipe dume langu. Lete lilelile, likiwa linatembea."

Zuber akaweka kisu chini. Ni mtu wa mzaha, lakini si mjinga.

"Mbona uso wako umekuwa hivyo? Yale mabati ni ya nani?"

"Ya mke wa marehemu Amoni."

Alifuta mikono kwenye gunia, kidole kimoja kimoja.

"Yule mwenye mtoto mgonjwa? Anayeuza ndizi hapa? Aliyepewa kanga na mke wangu?"

"Ndiye."

"Umeniezekea nyumba kwa mali ya yatima! Dini yangu unaijua inasemaje juu ya hilo. Na yako inasemaje, wewe mtu wa kanisani?"

"Zuber, nisaidie. Yashushe, nitayabeba usiku."

"Usiku? Ili kesho waseme Zuber ndiye mwizi wa mabati ya serikali, yamekutwa yana misumari yake? Hapana, bwana. Nenda ofisini ukaseme kwa mdomo wako. Ukishasema, njoo na ofisa na mashahidi, nitapanda juu mwenyewe nitang'oa mchana, watu wanaona. Dume nakusamehe. Lakini useme kwanza."

Jamani, mtu angenipa nafasi gani zaidi ya hiyo? Ofisi ilikuwa mbele, mwendo wa kuvuta sigara moja. Nikafika mpaka langoni. Nikaona askari anapiga miayo. Nikageuka.

Nyumbani mke wangu Atupele alikuwa anamenya viazi.

"Umewaambia?" akauliza. Tupokigwe alikwisha kumwambia kila kitu, yaani kila alichokijua yeye.

"Hayapo, Atupele."

"Hayapo wapi?"

"Mabati. Niliyabadilisha kwa dume."

Aliendelea kumenya. Akamaliza kiazi kizima. Halafu akauliza polepole, "Dume gani?"

Hakukuwa na dume lingine nyumba hii.

"Dume la baba yangu?"

"Ningefanya nini? Ningekwenda kumzika baba yako na kuku?"

"Ungekwenda na kuku!" Alisimama, viazi vikamwagika. "Ungekwenda na mikono yako! Nani alikutuma? Mimi nilikutuma? Nilisimama pale Kisondela, mama zangu wananiambia Atupele umeolewa na mwanamume, na mimi nikajisikia!"

"Punguza sauti."

"Na paja nililompelekea Tupokigwe? Si mimi niliyempelekea? Alikaa mlangoni kwake na mtoto wake, akala, akasema shemeji yangu ana moyo. Ackson, tulimlisha paa lake!"

Miaka ishirini tumekaa pamoja, sikuwahi kumwona Atupele akilia mbele yangu. Siku ile hakulia pia. Alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Aliporudi aliniambia neno moja tu. "Kaseme."

Nilikwenda kusema. Kwa baba.

Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Nilimwambia yote, tangu mwanzo, nikiwa nimechuchumaa. Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyekuonyesha pa kuweka dole. Siku ile uliponiletea bega la dume kutoka Kisondela nilijiuliza umelitoa wapi. Siku ya ukaguzi sikujiuliza tena."

"Basi ndiyo maana hukusogea. Ulimzuia asijibu."

Akaacha kuchonga.

"Angejibu angelitaja jina lako. Nilikuwa na watoto wawili wa kiume, Ackson. Mmoja yuko chini ya mlima."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa mara moja.

"Tata, niache niende nikaseme."

"Useme nini? Kwamba mwenyekiti wa kamati aliweka dole la mtoto wake kwenye jina la mtu mwingine? Watalichukua daftari zima. Kaya kumi na saba zinangoja mahindi kwa daftari lile. Wote wataambiwa ni wezi. Watoto wangapi hao?"

"Na Lusungu?"

"Hilo niachie. Nitalimaliza mimi."

Nikamwachia. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, nina watoto sita, na nilimwachia baba yangu kama mtoto anayemwachia mzigo mzito. Nawaambia ukweli, nilipotoka pale nilijisikia mwepesi.

Wiki ikapita. Sikuona kitu kilichomalizwa.

Nilichoona ni Lusungu. Maziwa yaliposimama, Tupokigwe alimpa uji wa ndizi. Mtoto akawa anautema. Nywele zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikavimba, kikohozi hakilali. Upepo wa baridi ulipita kwenye yale majani kama mlango uko wazi. Atupele alitaka kuwachukua wakae kwetu, Tupokigwe akakataa.

"Ofisa akirudi akanikuta naishi kwa watu," alisema, "atasema kibanda si changu tena, na mabati sina haja nayo."

Bado alikuwa anayangoja.

Kijijini nako hawakumwacha. Akipita na ndizi, wanasema, "Haya, tajiri wa mabati." Ikupa alimuuliza kisimani kama ile kanga ina mwenzake. Aliacha kuivaa. Kwa baridi ile akawa anavaa ile iliyochanika, ili watu waone kwamba hana.

Siku ya kumi Atupele hakunipikia. Akaweka sufuria tupu mbele yangu na kwenda kulima. Nikavaa koti, nikashuka Tukuyu. Safari hii nilimpita askari na watu wa barazani bila kumtazama yeyote.

Bibi Shamsia alikuwa mezani kwake. Chumba kidogo, kabati moja la chuma, viti viwili. Dirishani manyunyu.

"Mimi ni Ackson wa Lufingo, mtoto wa Mzee Anyelwisye," nikasema. "Mabati ya shemeji yangu niliyauza mimi. Dole lile ni langu. Yako juu ya nyumba ya Zuber, Msasani. Zuber hakujua. Nifunge. Mrudishie mtoto maziwa."

Nilikuwa nimeyasema njia nzima, kwa hiyo yalitoka bila kukwama.

Hakushangaa kama nilivyotegemea. Alinitazama kama mtu aliyechoka.

"Umechelewa, Ndugu Ackson. Shemeji yako amekwisha kukiri."

"Amekiri nini?"

Akafungua faili akageuza karatasi upande wangu. Kusoma najua. Ilikuwa imeandikwa: Mimi Tupokigwe, kwa sababu ya njaa, niliuza mabati kumi na mawili niliyopewa na serikali, naomba msamaha, sitarudia. Chini kuna dole gumba. Chini ya dole kuna shahidi. Mwandiko wote ulikuwa wa baba yangu.

"Aliileta mwenyekiti juzi," akasema. "Jumatatu shauri linakwenda mahakama ya mwanzo. Kwa mali ya umma, siwezi kukuficha, huenda ni miezi sita."

"Na maziwa?"

"Maziwa gani? Mtu aliyekiri wizi?"

Nikakaa bila kukaribishwa. Kumbe hivi ndivyo baba alivyolimaliza.

"Hakuuza," nikasema. "Hata kuyagusa hakuyagusa. Amedanganywa aweke dole."

"Na nani?"

Kuiba niliiba mwenyewe, na kukiri nilikiri mwenyewe, hiyo ni yangu. Lakini sasa ilinibidi nimtaje aliyenizaa.

Bibi Shamsia hakuningoja. "Wote wawili wako hapa nje," akasema. "Niliwaita kwa shauri hili, wamefika asubuhi. Mwenyekiti yuko mwisho wa baraza. Mama sijui kwa nini amekaa kwenye manyunyu nyuma ya jengo, nimemwita mara mbili haji."

"Baraza ni moja, Bibi. Baba akiwa pale, yeye hawezi kupita."

Alinitazama. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa ile siku ya migombani, maana aliweka kalamu chini na kushika paji la uso.

"Basi leo atapita," akasema. "Siwezi kuhukumu watu kwa kukisia."

Akaenda mlangoni akamwita baba. Baba akaingia, akaniona, akasimama. Alikaa kwenye kiti cha pili akaelekeza uso ukutani. Halafu Bibi Shamsia akafungua dirisha la nyuma. "Mama Lusungu! Njoo ndani, mama. Ni amri."

Tukangoja. Nilisikia miguu yake ikizunguka jengo. Ikasimama barazani. Niliona pindo la nguo yake iliyochanika mlangoni, halafu likarudi nyuma, halafu likaonekana tena.

Baba akakohoa. Kile kikohozi. Kumwambia akimbie.

Tupokigwe akaingia.

Hakujifunika. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande mmoja. Alipita mbele yangu kama sipo, akaenda akasimama upande ule wa ukuta ambako baba alikuwa anatazama, ili asiwe na pengine pa kutazama. Akamwangalia usoni. Sijawahi kuliona jambo hilo kwetu, na sidhani kama nitaliona tena.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitika. Midomo yake ilicheza tu.

"Baba, ulimtuma mama mkwe. Alisema, Tupokigwe, kubali uliuza, ofisa atakusamehe, maziwa yatarudi Alhamisi. Nimekubali. Sikuuza lakini nimekubali, kwa sababu wewe umesema. Leo ni Alhamisi. Lusungu hajameza kitu tangu juzi. Maziwa yako wapi?"

Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Ya mtu anayeuliza njia.

"Mzee," Bibi Shamsia akasema, "ulimwahidi hivyo?"

Baba akainuka. Fimbo ikaanguka, hakuiokota.

"Niliuza mimi," akasema.

"Tata!"

"Nyamaza! Niliuza mimi, Bibi. Mimi ndiye niliyekuwa na mabati, mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Huyu mtoto wangu anajitwisha ili kunificha. Msimsikilize, shule yenyewe aliishia darasa la tatu."

"Anadanganya!" nikapiga kelele. "Twende Msasani sasa hivi, nikuonyeshe!"

"Zuber ni rafiki yake. Atasema lolote."

Bibi Shamsia akapiga meza kwa kiganja. Kope zake zilikuwa zimelowa, naapa.

"Niwasikilize vipi? Mabati ni yaleyale kumi na mawili. Hapa nina karatasi ya mama kwamba aliuza yeye. Ndugu Ackson anasema aliuza yeye. Sasa mzee naye aliuza yeye. Mnaigombania hii dhambi kama nyama! Siku ile kijijini mlikuwa wapi wote?"

Akaokota kalamu, akaiweka tena mezani.

"Mimi nina mkubwa wangu," akasema, sauti imeshuka. "Nikitoa kopo moja kwa jina lililofutwa, wataniuliza nimempa nani na kwa nini. Mpaka nijue kwa hakika nani mwizi, hili kabati siwezi kulifungua."

Kabati lilikuwa nyuma yake. Makopo yalionekana kwa juu, pale mlango ulipopinda.

Tupokigwe aliyatazama yale makopo. Akafungua fundo la mbeleko kifuani, akamshusha Lusungu mgongoni, akamweka juu ya meza, juu ya ile karatasi yenye dole lake. Alimfunika vizuri. Akamtengeneza shingo.

"Mimi mnasema sijui kutumia," akasema. "Mabati niliyatumia vibaya. Kanga niliivaa vibaya. Kukimbia nimekosea, na kunyamaza nimekosea, na kusema nimekosea. Basi. Ninyi mnaojua, huyu hapa. Utumieni msaada wenu kwake, vizuri, mniambie na mimi nijue ilivyokuwa."

"Mama, huwezi kumwacha mtoto hapa," Bibi Shamsia akasema.

Alikwisha kutoka.

Nilimwona dirishani. Hakushika njia ya Lufingo, na ya kwao hakuishika. Alikwenda upande wa mto, bila kitu kichwani, bila kitu mgongoni, anatembea haraka kama mtu aliyeitwa.

Lusungu akafungua macho. Akatutafuta mmoja mmoja, asimwone anayemtaka. Alifungua mdomo alie, sauti haikutoka.

"Mfuate," baba akaniambia kwa Kinyakyusa. Alikuwa ameshika ukuta. "Ackson, mfuate mwanamke yule, haraka!"

Nilifika mlangoni. Askari alikuwa amekwisha kuja kwa zile kelele, amejaa mlango mzima.

"Huyo amekiri wizi," Bibi Shamsia akamwambia, huku amemwinua mtoto, mkono wake mwingine unatafuta mapigo shingoni mwa Lusungu. "Asitoke."